Lugha ya Kunong'ona

Kituo cha Afya, mto Jaraqui
8 Juni 1986

Mjomba Deoclécio,

Amani ya Bwana. Naomba baraka yako.

Barua hii isome peke yako. Mama akiuliza mbona Edilza amekuandikia wewe akamwacha yeye, mwambie nimetaka ushauri wa mambo ya kanisa, na hutakuwa umesema uongo. Mwandiko univumilie. Sijalala vizuri tangu Jumapili iliyopita.

Siku naondoka Belém kuja kazini, mama alinipa kaseti ya maombi ya akina mama ya Alhamisi. Aliichomeka mkobani mwangu akasema, "Huko porini hakuna kanisa letu, basi nenda nalo." Sikuwa nimeisikiliza hata mara moja, maana betri huku husubiriwa kama mgeni wa mbali. Jumapili ile nikasema potelea mbali, leo ni siku ya Bwana, nikaiweka kwenye redio ndani ya chumba cha wagonjwa. Mgonjwa alikuwa mmoja tu, bibi kizee wa malaria. Tunamwita Bibi Luzia kwa sababu jina la kwao hawapi wageni. Kireno chake kinachechemea lakini kinafika.

Wimbo ukaimbwa, mama akaomba, kisha ukaja ule ukimya unaoujua, naye akaanza kunena. Lugha ya mama unaijua kuliko mtu yeyote, mjomba. Haipigi kelele kama za kina dada wengine. Inanong'ona. Bibi Luzia alikuwa amelala kwenye bembea yake akitazama ukuta. Akainuka. Mtu aliyekuwa hawezi kushika kikombe akainuka akakaa!

"Rudisha," akaniambia.

Nikarudisha. Akasikiliza huku amejishika kifua. "Rudisha tena." Nikarudisha tena. Kisha akaniuliza, "Huyo mtoto ni nani?"

Nikacheka. "Mtoto yupi, bibi? Huyo ni mama yangu, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu."

"Sauti ni ya mtu mzima. Maneno ni ya mtoto. Nani kamfundisha mama yako maneno yetu?"

Mjomba, hapo sikucheka tena. Nikamwambia hayo si maneno ya mtu, ni lugha ya rohoni, hata mama mwenyewe hajui maana yake. Wakati huohuo kaseti ikafika mahali pako, ukasimama kufasiri kama kawaida: *Inukeni, enyi taifa langu, pazeni sauti za shangwe, kwa maana adui amekimbia.* Bibi akauliza huyo mwanamume anasema nini. Nikamweleza. Akanitazama kama anayemtazama mwendawazimu.

"Mtoto hakusema hivyo," akasema.

"Kasema nini basi?"

Akajigeuza ukutani. Tangu hapo hali, anakunywa maji ya matunda tu, hasemi, hanitazami. Nimepigwa na butwaa mpaka sasa, mjomba. Nikila sisikii ladha, nikiomba najisikiliza mwenyewe kama ninaomba kweli au ninabwabwaja.

Nifanyeje? Jumapili ya kwanza ya Agosti Mchungaji Gildásio atamwekea mama mikono awe kiongozi wa maombi wa makanisa yetu yote ya Guamá. Mama huyuhuyu aliyelelewa jikoni kwenu, mtoto wa kulea, wa kufua na kusugua sufuria mpaka alipoolewa. Duniani hana kitu kilicho chake ila karama hii. Nikisema kwamba lugha yake ni ya watu wa mtoni, watamvua heshima yote mchana kweupe. Nikinyamaza, na huyu bibi akawa ni ndugu yake? Wewe ndiye uliyemleta mjini. Hebu niambie tena, ulimwokota wapi?

Mpwa wako,
Edilza

.

Belém, mtaa wa Guamá
23 Juni 1986

Edilza wa mjomba,

Mungu akubariki na akulinde na mbu, maana nilikuambia usiende huko ukanikaidi. Umesomea uuguzi, ungeweza kuchoma watu sindano hapahapa.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na nitakujibu kama mzee wa kanisa na kama mjomba. Ulipokuwa na miaka sita uliona malaika juu ya paa la jikoni, ukaamsha nyumba nzima, kumbe bundi. Unakumbuka? Basi taratibu, mwanangu. Mtu mwenye malaria husikia hata kuku wakiimba zaburi. Na tuseme huyo kizee amesikia kweli neno moja la kwao. Mtume Paulo anasema kuna lugha za wanadamu na za malaika. Kama Roho amependa kumpa dada yangu lugha ya porini au ya Uchina, wewe na mimi ni nani wa kumkatalia?

Unauliza nilimwokota wapi. Umeisikia hadithi hiyo tangu ukiwa mgongoni. Nilikuwa kijana, nauza vitambaa kwa mtumbwi katika mto Tocantins. Nikamkuta mtoto ufukweni mbele ya kibanda cha wagema mpira, wazazi wamekufa kwa homa. Nikamchukua. Tocantins na huko uliko ni mashariki na magharibi.

Lakini kuna jambo ambalo pengine hukuambiwa sawasawa. Yule mtoto alikaa nyumbani kwetu mwaka mzima bila kutoa neno. Marehemu mama yangu alidhani ni bubu. Kireno alikipata kwa tabu, kimoja kimoja, akiwa daima ameinamisha kichwa. Siku alipojazwa Roho ndipo alipofungua kinywa chake, na kanisa zima likamsikiliza, mtoto wa jikoni! Mimi nilikuwapo. Nikasimama nikafasiri, na tangu siku hiyo amekuwa mtu mbele ya watu. Sasa wewe, mwanawe wa kumzaa, unataka kumziba mdomo? Ana moyo mbovu, unajua. Habari kama hii inaweza kumwangusha.

Kwa hiyo nisikilize. Kaseti hiyo nitumie kwa boti ya kwanza. Kwa mama yako usiandike hata nusu ya neno. Na yule bibi usimlazimishe kula, utajisumbua bure. Wakiomboleza hawali mpaka wakate nywele. Akishazikata mpe ndizi ya kuchoma, uji hataugusa.

Akuombeaye kila alfajiri,
Mjomba wako Deoclécio

.

Guamá
26 Juni 1986, Alhamisi

Edilza mwanangu,

Amani ya Bwana! Kumbe kalamu unayo. Mjomba wako amepata barua nene kama Biblia, mimi niliyekubeba miezi tisa nimepata salamu za mdomo. Haya. Nimekununia mpaka nimechoka, sasa nakuandikia mwenyewe.

Sisi wazima. Mvua ya saa nane inanyesha saa nane, paa linavuja palepale. Brazili tumetolewa Kombe la Dunia na Wafaransa kwa penalti. Mimi sikutazama, kanisa halituruhusu, ila televisheni ya jirani ina sauti kubwa na dirisha langu halifungi, nifanyeje? Hata Dada Creuza lilimtoka chozi, akasema analilia roho za Wafaransa.

Nataka kukuuliza kuhusu mjomba wako. Umemwandikia nini? Tangu apate barua yako amekuwa kama mtu aliyemeza mfupa. Alikuja hapa kuuliza nani mwingine ana kaseti za maombi yangu. Akazunguka nyumba kwa nyumba akizikusanya, eti anataka kuzihifadhi. Na leo kwenye maombi hakufasiri! Nimenena, nikamaliza, tukangoja. Akasema koo linamuuma. Akina mama wakarudi nyumbani kama watu waliokula wali bila chumvi.

Mimi imeniumiza zaidi. Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu, kwa sababu uko mbali na siuoni uso wako. Lugha inapokuja huwa sisikii furaha wanayoisema wengine. Kwanza nasikia harufu ya moshi na majani mabichi ya muhogo. Kisha nalala kifudifudi, kiganja kinakwenda chenyewe mdomoni, na maneno yanatoka ndani ya kiganja. Nikimaliza nimelowa jasho na nina hofu, Edilza, hofu ya kukimbia. Ndipo kaka Deoclécio husimama na kufasiri, na nikisikia kwamba ni ushindi, kwamba adui amekimbia, hofu inanitoka. Leo haikunitoka. Ninayo hapa, ninaandika nayo.

Wenzangu wanaona ni utukufu. Siku hizi wote hulala kama mimi, mkono mdomoni. Creuza na mwili wake ule naye anashuka chini, na kumwinua ni kazi ya watu watatu. Wageni wa makanisa mengine wanatutania, "Nyinyi wa Guamá Roho anawalaza kama paka mvunguni." Na lile neno langu, *maiuá*, ambalo kaka alifasiri kuwa ni "Mtakatifu" kwa lugha ya malaika, sasa limekuwa Haleluya ya mtaa. Leo nililisema, wote wakaitikia kwa kunong'ona, "Maiuá, maiuá." Vitoto vyao navyo vinalisema vikicheza.

Agosti wananiwekea mikono. Nimeshona gauni la bluu, refu, la mikono mirefu, usiogope. Ungekuwapo ungenisuka.

Niandikie mimi. Si mjomba, mimi.

Mama yako,
Osmarina

.

Kituo cha Afya, mto Jaraqui
14 Julai 1986

Mama,

Naomba baraka yako. Naomba pia ukae chini. Funga mlango, kunywa maji, kaa.

Mjomba alinikataza nisikuandikie haya. Nilikuwa nimekubali, Mungu ni shahidi, nilikuwa nimekwisha kuifunga kaseti kwenye bahasha nimpelekee. Kisha asubuhi ileile barua yake ilipofika, bibi mmoja ninayemuuguza hapa aliomba mkasi akakata nywele zake zote. Nikasoma tena barua ya mjomba. Alikuwa ameandika kwamba watu hawa wakiomboleza hawali mpaka wakate nywele, na kwamba nisimpe uji, nimpe ndizi ya kuchoma. Nikampa uji makusudi. Akausukuma. Nikamchomea ndizi, akala zote.

Mama, nani alimfundisha mjomba hayo? Mimi nimekaa hapa tangu Februari nilikuwa siyajui. Yeye anasema hajawahi kukanyaga mto huu.

Kilichotokea ni hiki. Nilipiga kaseti uliyonipa, na yule bibi akaisikia. Lugha unayonena ni lugha yao, mama. Watu wa hapa, wanaolima muhogo na kuvua nyuma ya kituo, wakikaa jioni wakazungumza wanazungumza lugha yako. Nilikuwa siitambui kwa sababu wao wanaisema kwa sauti, wanacheka nayo, wanagombana nayo, nami niliizoea ikinong'onwa. Baada ya kujua, nikatoka nje nikasikiliza. Mwanamke alikuwa anamkaripia mbwa. Nikasikia ni wewe! Nilikaa chini hapohapo kwenye matope.

Sasa hili la pili. Maiuá si "Mtakatifu". Ni jina la mtu. Bibi aliponiambia jina lake la kwao, alilinong'ona kama unavyolinong'ona wewe. Ni jina lake yeye. Alikuwa na mdogo wake wa kike aliyempoteza siku watu wenye bunduki walipopanda mto. Akaniomba nimrudishie tena mahali mtoto anapomwita. Ndivyo anavyosema mpaka leo, "mtoto". Nimemwambia mtoto huyo ana miaka hamsini na kitu na anavaa miwani, hanielewi.

Mama, nadhani una dada.

Maana ya maneno yale mengine, yale unayoyasema umelala, ameniambia. Sitayaandika. Ameniapisha. Anasema hayo ni ya mdomo kwa sikio, ya mama kwa watoto wake, na wewe utayapokea kwake. Mjomba sijamwambia hata neno moja katika hayo. Hajui kama nimeambiwa.

Najua ninachokuvunjia. Najua ni mwezi gani huu na gauni liko tayari. Nilifikiri ninyamaze mpaka Agosti ipite, kisha nikamtazama Bibi Maiuá. Kifua chake kibaya, mama, hakitangoja.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini njoo.

Edilza

.

Guamá
3 Agosti 1986, Jumapili

Edilza,

Barua yako nilipoisoma nilitaka upande boti urudi nikuchape. Nilisema mwanangu ameingiwa na pepo la porini. Nikaichana. Kisha nikaokota vipande nikavipanga mezani nikasoma tena, na kila niliposoma nilisikia ile harufu ya moshi, mchana, jikoni kwangu, bila Roho na bila wimbo.

Sikumwambia kaka kitu. Aliniletea juisi ya matunda ya açaí Ijumaa kama desturi yake, akaniuliza, "Edilza hajaandika?" Nikamwambia hajaandika. Ni uongo wangu wa kwanza kwake. Akashusha pumzi, nikaiona.

Leo ndiyo ilikuwa siku yangu. Kanisa limejaa mpaka madirishani, makanisa saba yamekuja na kwaya zao, Mchungaji Gildásio ameshika chupa ya mafuta, kaka Deoclécio amesimama kuliani kwake na ile suti ya kahawia. Wakaniita mbele. Nikaenda. Mchungaji akasema, "Dada yetu, chombo cha Bwana, una neno kabla hatujaomba?"

Nikasema ninalo.

Nilikuwa sijui kama yale maneno yangekuja. Edilza, yalikuja! Nilikuwa nimesimama wima, macho wazi, mkono uko chini, sina Roho ila hii roho ninayovutia pumzi, nikayasema yote kwa sauti ya kuombea chumvi. Sikujua yamekaa mdomoni mwangu hivyo, kama meno. Akina mama wakaanza kushuka chini kama kawaida. Creuza akafika nusu, akaniona nimesimama, akabaki ameinama hajui aende wapi.

Nikamgeukia kaka. "Fasiri."

Akasema, "Leo Roho hajanipa, dada."

"Hata mimi hajanipa. Nimesema kwa kinywa changu tu. Fasiri."

Watu wakaanza kunung'unika. Mchungaji akanishika kiwiko, "Dada Osmarina, taratibu, mbele ya wageni." Nikautoa mkono wake. Sijawahi kuutoa mkono wa mchungaji maishani mwangu.

"Kaka," nikamwambia, "nimekaa nyumbani kwenu tangu sina meno ya mbele. Nimekupikia, nimekufulia, nimemzika mama yako kwa mikono hii. Sijawahi kukuomba kitu. Naomba hiki."

Alishika mimbari. Unamjua alivyo mrefu, alionekana mfupi. Akautazama mlango. Nilifikiri atatoka nje, maana ulikuwa wazi. Halafu akasema, bila kupaza sauti, bila ile sauti yake ya kufasiri:

"Laleni kifudifudi. Zibeni midomo. Msikohoe. Wanapita."

Mtu mmoja nyuma akasema "Amina" kwa mazoea, na hakuna aliyemfuata.

Mimi nikasimama palepale. Nilikuwa sijui ndiyo hayo au siyo. Lakini mwili wangu ulijua, mikono ilikuwa imepoa mpaka kwenye mabega. Nikauliza, na nilimuuliza kwa upole, kwa sababu nilikuwa nataka kujua tu:

"Wanapita nani, kaka?"

Akasema, "Sisi."

Basi. Aliketi kwenye kiti cha wazee akatazama viatu vyake. Mchungaji bado ameshika mafuta. Kwaya ya mtaa wa Terra Firme, masikini, hawakuelewa, wakaanza wimbo wao, wakaimba ubeti mmoja wakaacha. Niliokota mkoba wangu nikatembea nyumbani juani na gauni langu la bluu. Hakuna aliyenisindikiza, na sikutaka.

Sasa niambie, kiapo au si kiapo. Ni hayo? Maana kama ni hayo, basi tangu siku ile ya kwanza alikuwa anayaelewa. Kila Alhamisi nilikuwa nalia mbele yake kwa lugha ambayo ni yeye peke yake aliyeisikia, naye anasimama anawaambia watu washangilie. Nami nilikuwa namshukuru!

Niandikie upesi. Sili.

Mama

.

Kituo cha Afya, mto Jaraqui
18 Agosti 1986

Mama,

Ni hayo. Neno kwa neno.

Nilimsomea Bibi Maiuá barua yako. Nilifika kwenye "Sisi" nikashindwa, akaniambia endelea. Kisha akanifungua kiapo, akasema andika, ili mtoto asije na mzigo njiani.

Mama yenu aliwalaza wawili katika shamba la muhogo akawafunika majani. Nyumba zilikuwa zinaungua. Aliwanong'oneza maneno hayo, akaenda upande mwingine akikimbia kwa kelele ili wamfuate yeye. Walimfuata. Nyinyi mkabaki mmelala. Wewe ulikuwa mdogo na ulikuwa na kifaduro. Dada yako alikuziba mdomo kwa kiganja chake. Wenye bunduki wengine walipokuwa wanarudi mtoni, ulikohoa. Kijana mmoja mrefu, aliyezoea kuja kuwauzia vitambaa mpaka akajua maneno yenu, akasimama. Maiuá alikuwa mkubwa kidogo, akajiviringisha mtaroni, na kijana yule akakuinua wewe kwa mkono mmoja akaenda nawe.

Amesema nikuandikie hili kwa herufi kubwa, nami natii: SI KWA SABABU ULIKOHOA. Wangepita hata hivyo, wangewaona hata hivyo. Anasema mdogo wake alikuwa na tabia ya kujilaumu, hata chungu akikivunja mtu mwingine.

Nilimuuliza jina lako la kwao. Amekataa kunipa. Anasema analo, na atakuita nalo mwenyewe.

Homa yake imerudi. Ninafanya ninaloweza. Njoo, mama.

Edilza

.

Belém, bandarini
1 Septemba 1986

Edilza,

Ninaandikia juu ya goti, boti inaondoka saa sita. Barua hii naikabidhi kwa nahodha wa boti ndogo inayotangulia, inaweza kukufikia kabla yangu.

Mjomba wako amekuja kila asubuhi akasimama uani. Hasemi samahani, anasimama tu na kofia mkononi. Jana nilimfungulia mlango. Nikamuuliza kama mama yangu aliuawa. Akaniambia ndiyo. Nikamuuliza na nani. Akaanza kulia, mzee yule, nikamwambia aende akalie kwao kwanza, akimaliza aje anijibu. Najua kuna siku nitampikia tena na kuna siku nitataka afe. Zote mbili nimeziona wiki hii.

Wananiuliza kama bado nina karama. Mchungaji ameuliza, na wale wa makao makuu wameandika. Sijui, Edilza. Waliniambia ni sauti ya Mungu, kumbe ilikuwa ya mama yangu, na hilo sijaweza kumwambia mtu ila wewe. Alhamisi akina mama walikuja kama kawaida. Tulikaa kwenye mabenchi, hakuna aliyelala chini. Hakuna aliyejua pa kuanzia. Kisha Creuza akaanza kulia kwa sauti, kubwa, ya msibani, nasi sote tukamfuata, mpaka majirani wakaja kuuliza nani amekufa. Tukawaambia ni mama yangu. Wakaleta kahawa, tukakaa matanga.

Nilikuwa sijawahi kumlilia. Nilikuwa sijui kama ninaye.

Nimebeba unga wa muhogo, samaki wa chumvi, na lile gauni la bluu, sina jingine la heshima. Nitakuwa sijui kusema kitu na watu wa huko. Nina maneno machache tu na yote ni ya kuogopa. Utanishika mkono mpaka nimzoee.

Lakini hili mpelekee mapema, kabla sijafika, hata kama amelala mwamshe. Mwambie dada yangu anaweza kuutoa mkono wake mdomoni mwangu. Mwambie wameshapita.

Mama yako